BMI SI KADHI: NANI KAIPA NAMBA HII MAMLAKA YA KUHUKUMU MWILI WAKO?



Ndugu zangu wa Dodoma, Kondoa, Manyoni, Singida na kokote mnakosoma, leo maneno yangu yana ukali kidogo. Nivumilieni mpaka mwisho, maana anayesoma nusu ndiye anayekwenda kutangaza kwamba shekhe kakataza watu kwenda hospitali.

Tangu Ramadhani iishe simu yangu imejaa namba. Mtu anaingiza kilo zake na urefu wake kwenye programu ya simu, inamrudishia namba na rangi: kijani, njano au nyekundu. Mmoja ananiuliza, "Shekhe, nimepata 27, mimi ni mgonjwa?" Mwingine kapata 23, anaringa, anasema sayansi imemsafisha, kwa hiyo mkewe aache kumsumbua kuhusu soda. Na wa tatu, huyu ndiye aliyenifanya niandike, ni mama kijana wa hapa hapa mjini. Alikwenda kwenye semina ya wauza dawa za kupunguza mwili. Wakampima, wakaitangaza 29 yake mbele ya ukumbi mzima, wakamuuzia pakiti za chai kwa laki moja na ishirini. Akaharisha siku nne mpaka akaanguka jikoni. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano anayenyonya.

Basi leo tuiweke kizimbani namba yenyewe.

Sisi tuna desturi. Habari ikija hatuulizi kwanza kama ni tamu, tunauliza imetoka kwa nani. Kaipokea nani kutoka kwa nani, huyo alikuwa mtu wa namna gani, na aliona nini kwa macho yake. Tuifanyie BMI hivyo hivyo. Tuitafute isnadi yake.

Kwanza ijueni ni kitu gani. Chukua uzito wako kwa kilo. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe. Gawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili. Mtu wa kilo 75 mwenye urefu wa mita 1.70 anapata 26 hivi. Chini ya 18.5 wanakuita mwembamba mno, 18.5 mpaka chini ya 25 uko sawa, 25 na kuendelea umezidi, 30 na kuendelea una unene wa ugonjwa. Ni hayo tu. Hakuna damu iliyochukuliwa, hakuna mkono uliogusa tumbo lako, hakuna aliyekuuliza umri wako wala kazi yako.

Sasa msimulizi wa kwanza. Anaitwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji, kazaliwa Ghent mwaka 1796, kafa 1874. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa hesabu na nyota, na ndiye aliyeanzisha kituo cha kutazama nyota cha Brussels. Alitaka kumjua "mtu wa wastani": ukikusanya watu wengi, urefu wao wa kati ni upi, uzito wao wa kati ni upi. Kitabu chake cha jambo hilo kilitoka mwaka 1835. Akaona kwamba kwa watu wazima uzito hupanda sambamba na urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Akaishia hapo. Hakusema mwenye 26 ana presha. Hakupima sukari ya mtu, wala kipimo cha sukari kama chetu hakikuwapo. Alikuwa anahesabu watu kama mtu anavyohesabu nyota, kwa mkupuo.

Msimulizi wa pili ni kampuni za bima za maisha za Marekani. Hawa walitaka kujua nani atakufa mapema awaingize hasara. Miaka ya 1940 kampuni ya Metropolitan Life ilitoa majedwali ya uzito "unaofaa" kwa urefu wako, na majedwali hayo yakaning'inizwa kwenye kuta za madaktari. Simlaumu mfanyabiashara kulinda mali yake. Ila jua kwamba waliopimwa ni watu walioweza kununua bima Marekani ya wakati ule. Bibi yako wa Mpwapwa hakuwamo.

Wa tatu ni Ancel Keys, mtafiti wa Marekani. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichukua vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano, wakalinganisha kanuni mbalimbali, wakaona ile ya Mbelgiji si mbaya kuliko nyingine na ni rahisi kukokotoa. Wakaipa jina tunalolijua leo. Nimesema wanaume. Katika zaidi ya watu 7,000 hao hapakuwa na mwanamke hata mmoja, na leo ni wanawake ndio wanaotangaziwa namba zao ukumbini. Na Keys mwenyewe aliitaka kwa ajili ya kuchunguza makundi ya watu, si kwa ajili ya kumkamata mtu mmoja mmoja.

Halafu angalieni mstari wenyewe. Marekani mpaka mwaka 1998 mwanaume alihesabiwa kuwa amezidi uzito akifika 27.8, mwanamke 27.3. Mwaka huo taasisi yao ya afya ya taifa ikaushusha mpaka 25 kwa wote. Mamilioni ya watu walilala wakiwa sawa, wakaamka wamezidi, na hakuna aliyeongezeka hata gramu moja. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakaandika kwamba watu wa Asia wengi wanaanza kupata hatari mapema zaidi, kwa hiyo kwao tahadhari ianze 23. Naam, ni jambo la busara, lakini linakuonyesha kwamba 25 haikuteremka kutoka mbinguni. Ni makubaliano ya watu waliokaa mezani, na wanaweza kukaa tena kesho.

Na sisi je, watu wa kusini ya Sahara? Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipotoa vipimo vyake vya kiuno kwa kila kabila la dunia, lilipofika kwetu likasema: hawa watumie vya Ulaya kwanza, mpaka takwimu zao zipatikane. Tumevaa kanzu ya kuazima, halafu tunachekana kwamba haikutukaa.

Sasa tuingie sokoni, maana watu wa Dodoma hawadanganywi kwenye magunia.

Nenda Kibaigwa, soko la mahindi. Yupo kijana wa kubeba mizigo, urefu wake mita 1.70, kilo zake 75. Tangu alfajiri anapandisha magunia kwenye lori. Mgongo umejaa, mapaja yamejaa, tumbo limebana kama ngozi ya ngoma. Halafu nenda Mtumba, Mji wa Serikali. Yupo ofisa wa urefu huo huo na kilo hizo hizo. Anashuka kwenye gari, anakaa kwenye kiti, mchana wali na nyama, saa kumi zege na soda, jioni anarudi kwenye gari. Mikono laini, mapaja yamesinyaa, kitambi kiko mbele yake kama mtu wa pili. Programu ya simu inawapa wote wawili 26. Wote rangi ya njano. Wote "wamezidi".

Mnunuzi wa Kibaigwa hafanyi ujinga huo. Yeye hanunui gunia kwa kulipima kilo tu. Anachomeka bambo, anachomoa punje, anaziangalia kiganjani: ni mahindi, ni pumba, au yameoza? Kilo mia moja za mahindi na kilo mia moja zilizochanganywa na mchanga ni kilo mia moja zote. BMI ni mizani isiyo na bambo. Inajua gunia lina uzito gani, haijui limejaa nini wala limejaa wapi.

Na hapo penye "wapi" ndipo penye roho ya mtu. Mafuta ya mapajani na makalioni hayana madhara makubwa kama yale ya ndani ya tumbo, yanayolizunguka ini na matumbo. Hayo ya ndani ndiyo yanayovuruga kazi ya insulini na kupandisha sukari na presha. Akina mama wengi wa kwetu Mungu kawaumba na nyama za chini, kiuno kikabaki chembamba. Programu haioni. Inajumlisha tu.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mkumbukeni yule wa 23 aliyesafishwa na sayansi. Nilimwambia ajipime kiuno. Urefu wake sentimita 172, kiuno kikawa 95. Miguu ya korongo, mikono ya korongo, na kitambi. Nikamwambia, ndugu yangu, nenda zahanati kesho kabla hujaweka kitu mdomoni. Sukari yake ikasoma 11. Kwa mtu aliyefunga usiku kucha, 7 tu inatosha daktari kusema kisukari, akirudia kipimo kikatoka hivyo hivyo. Namba yake ya kijani ilimlaza usingizi, na ugonjwa haukulala.

Watu wa nyanda hizi tuna sababu ya kuliangalia hili kuliko wengine. Hii ni ardhi ya njaa za kurudiarudia. Wazee wa Ugogo walisimuliana juu ya ile njaa ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza waliyoiita Mtunya. Mpaka leo mvua ikichelewa tunajua maana yake, na watoto waliodumaa tunao. Mtoto aliyekosa lishe tumboni na utotoni anaweza kukua mwembamba na bado akapata kisukari. Mwezi Aprili mwaka 2025, mkutanoni Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali rasmi kwamba kipo kisukari cha watu wembamba waliokosa lishe, wakakiita aina ya tano. Sasa mwambie mtu huyo, "wewe BMI yako ni 18, kisukari ni cha vibonge." Umemwua.

Na mzee wako aliyepinda mgongo? Ujanani alikuwa mita 1.70, leo akisimama ukutani anafika 1.60. Kilo zake 60. Kwa urefu wa zamani ni 20.8, kwa wa leo ni 23.4. Misuli imekwisha, mifupa imepungua, na namba "imenenepa".

Sasa nawageukia nyinyi mliokuwa mnashangilia tangu mwanzo wa darasa hili. Nawajua. Mmeshaanza kuandika chini: "Safi sana shekhe, BMI ni ya Wazungu, sisi tunene tu, unene ni neema."

Sikusema hivyo.

Najua tulikotoka. Miaka ya 1980 ukimwi ulipoingia Kagera, watu waliuita Juliana, na ng'ambo ya mpaka Uganda wakauita kwa jina la kukonda. Kizazi kizima kilijifunza kuogopa shingo nyembamba. Mtu akipungua kidogo, majirani wanamzika kwa maneno. Akinenepa, wanasema maisha yamemkubali, mume anamtunza. Kitambi kikawa cheti cha cheo. Mimi namwelewa mtu anayefikiri hivyo, lakini silikubali analofikiri. Utafiti wa hali ya watu na afya wa mwaka 2004-05 ulikuta wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa waliofikia 25 na zaidi ni 18 kati ya kila 100. Ule wa mwaka 2015-16 ukakuta 28. Uchunguzi wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Angalieni safu yenu ya swala mkahesabu wenyewe.

Mmeona nilichotumia hapo? Nimetumia BMI. Kwa kuhesabu taifa inafaa, na ndiyo kazi ya yule Mbelgiji: watu wengi kwa mkupuo, makosa ya huyu yanafidiwa na ya yule, mwelekeo unaonekana. Hata kwa mtu mmoja inafaa kama chekecho la kwanza, na nesi anayekupima uzito na urefu anafanya kazi yake, usimvunjie heshima. Mwenye 41 hana haja ya kubishana kuhusu misuli. Ninachokataa ni chekecho kufanywa hukumu, na hukumu kufanywa biashara.

Na madaktari wenyewe wameshasema. Mwezi Juni mwaka 2023 chama cha madaktari wa Marekani kilipitisha msimamo kwamba BMI ina upungufu na isitumike peke yake. Januari 2025 jopo la mabingwa lililoitishwa na jarida la Lancet likasema unene wa mtu uthibitishwe kwa kiuno au kwa kupima mafuta yenyewe, kisha iangaliwe kama umeanza kuharibu viungo vyake. Kwa hiyo anayekuambia "sayansi imesema 29, nunua chai yangu" hakusoma sayansi ya juzi wala ya jana. Kasoma bei.

Tufanye nini? Chukua kamba. Wallahi sitanii, kamba ya katani au uzi mnene. Simama bila viatu, mwenzio apime urefu wako wote kwa kamba hiyo, aikate. Ikunje mara mbili. Sasa izungushe kiunoni juu ya ngozi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi kwa kawaida. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekuposa hapo. Ncha zikikutana na kupitana, uko vizuri. Zikiachana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako, na hapo ndipo hatari inapoanza kupanda. Taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza iliwashauri watu wake kipimo hicho hicho mwaka 2022: kiuno kibaki chini ya nusu ya urefu. Hakina haja ya intaneti. Na tafadhali, usiniambie unavaa suruali namba 34. Suruali hiyo unaifunga chini ya kitambi, tunakuona.

Baada ya kamba, nenda ukapime presha na sukari. Hapo ndipo bambo linapochomekwa. Presha ikifika 140 kwa 90 na zaidi, ikirudiwa siku nyingine ikawa hivyo, umepata jibu ambalo BMI isingekupa milele. Kuhusu kula sina jipya. Yale mafundisho ya theluthi ya tumbo mnayajua tangu madrasa, ila mmeyaacha kwenye futari. Ugali wa mtama na mlenda mlioukimbia mkidhani ni umaskini, daktari wa kisukari atawarudisheni nao kwa barua.

Kuna jambo limenikaa moyoni na sitalipita. Ni kejeli. Maswahaba waliwahi kuicheka miguu myembamba ya Ibn Mas'ud alipopanda mti, na Mtume (s.a.w.) akawajulisha kwamba miguu ile kwenye mizani ya Siku ya Kiyama ni mizito kuliko mlima Uhud. Na Bi Aisha alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akiwa mwepesi akashinda, kisha miaka ikapita, mwili ukaongezeka, wakashindana tena akashindwa, na likawa jambo la mzaha wa mapenzi kati ya mume na mke. Wewe unayempigia mkeo picha akiwa amelala umpeleke kwenye kundi la WhatsApp la marafiki zako na maneno "kibonge changu", umejifunza ndoa wapi? Na nyinyi akina mama mnaomwita binti aliyekonda "kimbaumbau" kwenye shughuli, mnajua anaumwa nini?

Wauza chai nimalize nao kwa ufupi. Dawa ya kuharisha haiondoi mafuta, inaondoa maji na chumvi. Kilo mbili zilizopungua Ijumaa zimerudi Jumatatu kwenye glasi ya maji. Anayempima mama anayenyonyesha hadharani na kumuuzia hiyo amepunja kipimo, na adhabu ya wapunjao vipimo imeteremshiwa sura nzima. Pesa ya watu irudishwe.

Mmeniuliza pia kuhusu wajawazito na watoto. Mjamzito asitumie kamba wala BMI, aende kliniki. Mtoto ana chati zake za umri, na yule mdogo wa miezi sita mpaka chini ya miaka mitano anapimwa mkono kwa ule utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na nyekundu ile si ya programu, ni ya kumbeba mtoto siku hiyo hiyo.

Na la mwisho ni wewe uliyekuwa 29 Muharram, leo uko 24, hukubadilisha chakula, hukuanza kutembea, na simu inakupigia makofi ya kijani. Unakohoa usiku? Unatoka jasho mpaka shuka linalowa? Unakojoa mara tano na kiu haiishi? Usishukuru programu. Kifua kikuu kinakondesha, kisukari kinakondesha, na virusi vya ukimwi vinakondesha, na vyote vitatu vina dawa ukiwahi. Nenda wiki hii, na umwambie daktari ulikuwa kilo ngapi na sasa ni ngapi.

Wabillahi tawfiq.